Makaa na Dobi wa Mji wa Visima

Mimi ni kinyozi. Nina viti viwili, kimoja cha wateja na kimoja alichokuwa akifanyia kazi marehemu mume wangu, ambacho siku hizi hakikaliwi ila na Mzee Nozaki, naye hukikalia kwa sababu nimechoka kumkataza. Nina miaka sitini na saba na mkono wangu hautetemeki, hata nikishika wembe kooni mwa mtu anayenichosha. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani niliyoyafanya kiangazi kile yalikuwa utoto wa uzeeni. Nilikuwa na akili zangu timamu, na nilikuwa na sababu.

Sababu yenyewe ilikuwa na miaka tisa na iliitwa Chinatsu.

Mwanangu Kunihiro, anayeishi Sendai, alikaa kapera mpaka nikaacha kumuuliza. Kisha, akiwa na miaka arobaini na moja, akaoa. Mkewe ni Masayo, mtu mzuri, anauza katika duka la dawa, na ana binti wa ndoa ya kwanza. Basi nikapata mkwe na mjukuu siku moja, bila hata kungoja miezi tisa. Nilifurahi, nisiwe mnafiki. Niliwatangazia wateja wote, na waliokuwa wamelala kitini niliwaamsha.

Wakaja Mwaka Mpya. Mtoto akapiga magoti mkekani, mgongo umenyooka kama anapigwa picha ya pasipoti. Nikamletea keki za mchele, za moto, nimezichoma mwenyewe. Akainamisha kichwa, akasema asante sana Bi Hatsue, nimeshiba. Nikaondoa sahani. Nikamletea machungwa. Ameshiba. Nikayarudisha jikoni. Siku tatu nzima yule mtoto ameshiba, na mimi moyoni nikasema, haya, kama chakula cha kwangu hakimfai, shauri yake. Mimi si mtu wa kubembeleza. Baba yangu alikuwa hivi, na mimi nimemrithi hata nyusi.

Siku ya mwisho ndipo nilipomkuta amekaa kwenye ngazi na kimashine chake cha gemu, lile la kukusanya viumbe ambalo watoto wa nchi nzima walikuwa wamepagawa nalo mwaka ule. Nikamuuliza anafanya nini. Jamani, aliongea dakika tano bila kumeza mate. Alikuwa na kobe wa jiwe, kampata pangoni kwa shida, lakini kobe huyo hakui mpaka abadilishwe: unaunganisha mashine mbili kwa waya, unampeleka kwa mwenzako, na akifika kule ndipo anageuka kuwa mkubwa. Nikamwambia, si umpeleke kwa mwenzako yeyote wa shuleni? Shule ilikuwa mpya, mtaa mpya, na baba mpya.

"Bado sijapata mtu," akasema. Akazima mashine, akarudi kuwa mgeni.

Neno lile lilinikaa kifuani kama mwiba wa samaki, kuanzia theluji mpaka cheri zikaiva. Mwezi wa saba Kunihiro akapiga simu kusema watakuja sikukuu ya Obon, roho za marehemu zinaporudi kutembelea nyumba zao, watafika tarehe kumi na tatu ya mwezi wa nane. Nikaiweka simu chini nikahesabu siku. Jumatatu iliyofuata, maana sisi vinyozi Jumatatu hatufungui, nikaenda duka la mitumba nyuma ya stesheni nikanunua kimashine na kaseti yake. Muuzaji akauliza anifungie kwa karatasi ya zawadi. Nikamwambia afunge kwa gazeti, na anionyeshe betri zinaingilia wapi.

Nilitaka jambo moja tu. Ikifika tarehe kumi na tatu, mashine yangu iwe tayari kupokea ule waya, na mtoto yule awe amepata mtu.

Gemu lenyewe linaanza hivi. Wewe ni mtoto, unakaa na mama yako, na jirani kuna profesa mwenye viumbe watatu mezani. Anakuuliza: utachukua mmoja? Chini kumeandikwa Ndiyo na Hapana. Sasa mimi nimelelewa. Mtu hakupi kitu ukakidaka papo hapo kama mbwa aliyetupiwa mfupa. Unakataa kwanza, anakusihi, unakataa tena, anajifanya kukasirika, ndipo unapokea kwa mikono miwili huku unalalamika kwamba amejisumbua bure. Nikabonyeza Hapana. Profesa akasema tafadhali fikiri tena, akauliza upya. Nikabonyeza Hapana ya pili. Akanisihi. Ya tatu nikakubali. Mama naye akanipa viatu vya kukimbilia kwa mtindo uleule, nikavikataa mara mbili akanisukumizia. Nikamwambia Mzee Nozaki kwamba waliotengeneza mashine hii ni watu wa adabu kabisa.

Mzee Nozaki alikuwa mtu wa posta, sasa amestaafu, na huja kunyolewa ndevu siku moja baada ya nyingine ingawa ndevu zake zote hazijai kijiko. Ameshika magazeti yangu yote kwa kichwa. Alisema adabu ya mashine ataiamini akiiona inalipa kodi.

Nilichagua kiumbe wa moto, mnyama mnene kama birika, anayebeba makaa tumboni. Nikamwita Makaa. Tukatoka nyumbani, tukapita majani marefu, tukapigana na panya na ndege, tukamkamata njiwa mmoja mzembe, tukaingia Mji wa Visima.

Mji wa Visima ndio mji wa mwanzo, na usipoupita huendi popote. Lango la kaskazini lina walinzi wawili ambao hawasogei mpaka uwaonyeshe muhuri wa bingwa wa mji. Bingwa ni dobi, jitu lenye aproni, na ana viumbe watatu wa maji. Anakupokea chumba cha kufulia, povu mpaka mlangoni. Tena pale mjini kuna nyumba ya wageni, na ghorofani kwake ndiko kuliko na chumba cha kubadilishana, lakini dada wa mapokezi anakuambia kwa tabasamu kwamba asiye na muhuri hapandi. Kwa hiyo Chinatsu na kobe wake na mambo yangu yote yalikuwa nyuma ya mgongo wa dobi mmoja.

Kando ya kisima cha tatu kuna mama anauza figili. Nilipomsemesha akaniambia ana mche wake nyumbani, kiumbe wa majani, anakunywa maji kupita kiasi na kumlea kumemshinda. Je, ningemchukua? Nikabonyeza Hapana, kama mtu aliyelelewa, nikatulia kungoja anisihi.

Mama wa figili akasema, "Haya basi. Siku njema."

Nikamsemesha tena. Akasema hewa ya leo inafaa figili. Nikazunguka kisima nikarudi, nikatoka mjini nikaingia upya, nikalala nyumba ya wageni nikaamka. Hewa ya leo inafaa figili. Mara Mzee Nozaki akaingia na taulo lake shingoni, na mimi kwa haraka nikahifadhi mchezo nisije nikapoteza nilipofika. Kaseti ile ina nafasi moja tu ya kuhifadhi. Kilichoandikwa juu kinafuta cha chini, na chini ndiko alikokuwa yule mama akiwa bado hajaniuliza.

Kesho yake Mzee Nozaki akaniletea gazeti la magemu, sijui alilitoa wapi, akalisoma kwa sauti ya kutangaza msiba. Lilisema mche wa mama wa figili ndiye ufunguo wa Mji wa Visima, mama huyo huuliza mara moja tu, na mwenye kiumbe wa moto akienda kwa dobi bila mche anakwenda kuoga. Chini ya maneno hayo walikuwa wamechora kiumbe wa moto ndani ya beseni, macho yamemtoka.

Kuanza upya? Nililifikiria. Lakini kuanza upya ni kumfuta Makaa. Nilikuwa nimemlisha mimi, nimembeba mimi mpaka nyumba ya wageni akiwa hoi, na alikuwa na kawaida ya kupepesa macho kabla hajatema moto. Nisingeweza. Kisha mimi na akili yangu tulikuwa tumeshakasirika na yule dobi.

Nikaenda. Kwa dobi kiumbe wa kwanza ni kambale, akamrushia Makaa maji mara moja, kwisha habari. Nikamwinua, nikarudi majanini kusini ya mji, nikamfanyisha mazoezi kati ya kichwa cha mteja na kichwa cha mteja. Nikaenda mara ya pili. Kwisha. Ya tatu Makaa akamwangusha kambale, nikapiga paja kwa furaha, dobi akamtoa chura. Kwisha. Wateja wakaanza kuniuliza habari kabla ya kunisalimu. Mwenye duka la tambi, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kunipa ushauri wa maana, alisema nimpe Makaa mwavuli.

Siku moja nilikuwa nimempaka Mzee Nozaki povu mpaka puani, nikawa nanoa wembe na kumnanga yule mama wa figili. Nikasema yule si mtu. Anatoa mara moja, unajibu kwa heshima, anaondoa. Hana hata moyo wa kuuliza mara ya pili. Kama hakutaka kutoa si angenyamaza tu na figili zake.

Mzee Nozaki akafungua jicho moja.

"Yule mtoto wa Kunihiro ulimkaribisha mara ngapi?"

"Mara ngapi nini?"

"Zile keki za mchele. Aliposema ameshiba, ukamwambia nini?"

"Nimwambie nini, mzee? Si alisema ameshiba. Niliondoa sahani."

"Mm," akasema, akalifumba jicho lake.

Kidogo nimkate sikio. Nilimnyoa, nikamfuta, nikamfungulia mlango, naye kwa mara ya kwanza katika maisha yake akajua wakati wa kuondoka. Kisha nikakaa katika kiti cha mume wangu na haya zikanishika, na mtu wa umri wangu akishikwa na haya hana pa kuzipeleka. Mtoto alikuwa amelelewa. Mama yake alimfundisha vizuri kuliko watoto wengi wa siku hizi: alikataa mara ya kwanza kama inavyotakiwa, akangoja mwenye nyumba amsihi. Akangoja siku tatu. Na mwenye nyumba, kwa kiburi chake, alikuwa jikoni anakula zile keki peke yake na kununa. Siku tatu nzima nilikuwa nauza figili.

Basi sasa nikazidisha mazoezi. Nikawa naamka alfajiri, nawasha maji ya moto ya dukani, nakaa na Makaa majanini mpaka mteja wa kwanza. Daraja la kumi na tano, la kumi na sita. Hapo kikatokea kioja kingine. Kila akimaliza pambano na kupanda daraja, Makaa anaanza kutetemeka mwili mzima, anawaka na kufifia, anakuwa mweupe mara mweusi. Nilishtuka. Nikabonyeza vitufe ovyo mpaka mashine ikasema ametulia. Tangu siku hiyo, akianza tu degedege lake, namwahi, namtuliza. Nilidhani ni uchovu, na kwamba namfanyisha kazi kupita kiasi, lakini ningefanyaje, siku zilikuwa zinakwisha.

Tarehe kumi na mbili Makaa alikuwa daraja la thelathini na tatu. Alimwangusha kambale, akamwangusha chura akiwa amebakiza pumzi moja, na dobi akamtoa wa tatu, kiboko wa mvuke, akatupiga kama nguo chafu. Hiyo ilikuwa mara ya kumi na tisa. Nikaifungia mashine ndani ya droo ya vitana. Sikulia, lakini nilikata kitunguu ambacho hakikuhitajika.

Wakafika tarehe kumi na tatu saa tisa alasiri, Kunihiro amechoka na foleni, Masayo na boksi lake la zawadi kubwa kuliko lilivyohitajika, na Chinatsu, aliyekuwa amerefuka, akipiga magoti palepale alipopiga mwezi wa kwanza. Nilikuwa nimeshamwekea marehemu farasi wake wa tango, tango lenye miguu ya vijiti ambalo roho hulipanda kurudi nyumbani, mbele ya picha, ili afike mapema. Nikaleta tikiti la mashamba ya Obanazawa, limelala kisimani tangu asubuhi.

"Karibu tikiti, Chinatsu."

Akasema asante sana Bi Hatsue, nimeshiba.

Nikabaki na sahani mkononi. Nikamwambia aonje kidogo tu, tikiti lenyewe ni la hapa hapa. Akasema hapana, asante sana, nisijisumbue. Masayo akafungua kinywa, mimi nikamtazama akakifunga. Nikamwambia mtoto mara ya tatu kwamba tikiti hili nimelichagua mimi, nimelibeba mimi kutoka sokoni na mgongo wangu huu, na lisipoliwa litanidharau. Akamtazama mama yake.

"Usimtazame mama yako," nikasema. "Litazame tikiti."

Akakitazama kipande, akakipokea kwa mikono miwili. Alikula vinne. Mbegu alizipanga ukingoni mwa sahani mstari mmoja, kwa heshima, nami nilijua bado ni mgeni, ila sasa ni mgeni aliyeshiba kweli.

Kesho yake duka limefungwa kwa sikukuu. Nilikuwa nafuta vioo, Chinatsu akaingia kuangalia mikasi. Mikasi ninayo ya aina nyingi, watoto huipenda. Akaomba ruhusa kuona vitana, nikasema fungua droo, na nilipokumbuka kilichokuwa ndani ya droo nilikuwa nimechelewa.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Yako kweli? Unacheza?"

Hapo nikasema yote. Nilimwambia kwamba nilitaka amkute mtu wa kubadilishana naye, nikanunua mashine mwezi wa saba, lakini nimekwama Mji wa Visima, sina muhuri, chumba cha kubadilishana sipandi, na kobe wake atabaki vilevile. Nikamwambia samahani. Nilisema nikitazama kioo, kwa kuwa kusema samahani uso kwa uso sijazoea.

Akasema si kitu, hakuna shida kabisa, asante kwa kujisumbua. Ilikuwa ile sauti yake ya mkekani. Sikuitaka sauti ile, hata kidogo.

"Nisaidie," nikamwambia.

"Siwezi kuchezea kitu cha mtu."

"Nisaidie, Chinatsu."

"Utaona najifanya mjuaji."

"Mwenzio nimepigwa mara kumi na tisa na dobi. Nisaidie."

Akapokea mashine, akakaa katika kiti cha wateja, miguu haifiki chini, akaiwasha. Akatazama kundi langu, yaani Makaa na yule njiwa. Akatazama tena. Akakileta kioo cha mashine karibu na uso.

"Daraja la thelathini na tatu," akasema polepole. "Hapa Mji wa Visima. Lakini mbona bado mdogo? Huyu anabadilika daraja la kumi na sita. Anatetemeka, halafu anageuka."

"Aa, yale matetemeko? Nilikuwa namzuia."

"Umemzuia?"

"Nilidhani ana degedege. Kila akianza nambonyezea atulie."

"Kila mara? Mara kumi na nane?"

"Nilikuwa namwonea huruma."

Sikuwa nimewahi kusikia kicheko cha Chinatsu. Ni kicheko kibaya kweli, cha kukoroma, kinaanzia tumboni na kuishia puani, na mtoto mzuri kama yule unashangaa amekiweka wapi. Aliteleza kitini akakaa chini, mashine kifuani, machozi yanamtoka. Nikaanza kukasirika, nikashindwa, nikacheka mimi pia mpaka nikashika ukuta. Nikaona afadhali nimwambie na habari ya mama wa figili. Akajilaza sakafuni kabisa. Akasema kwa shida kwamba mtu hakatai kwa mashine, Bi Hatsue, mashine haijui kama unaistahi. Nikamwambia wapo hata watu wa namna hiyo, wengine ni vinyozi.

Alinitazama kidogo. Sijui alielewa nini, na sikumuuliza.

Tukaenda majanini pamoja, tukapigana na panya mmoja, Makaa akapanda daraja, akaanza kutetemeka. Chinatsu akaninyooshea mashine niishike mwenyewe na akanikataza kugusa kitufe. Niligeuza uso pembeni, nakiri. Nilipotazama tena, pale alipokuwa birika langu palisimama dume la moto lenye mabega, na tumbo lile la makaa sasa ni tanuri. Macho yalikuwa yaleyale. Akayapepesa.

Dobi alipomtoa kiboko wa mvuke, Makaa alibaki amesimama baada ya maji ya kwanza. Akabaki amesimama baada ya maji ya pili. Nilikuwa nimemshika mtoto bega bila kujua, namwambia mpige, mpige, mpige huyo mla sabuni, na yeye ananijibu tulia, subiri, sasa. Kiboko akaanguka. Nilipiga kelele ambayo haijawahi kupigwa katika duka lile, mpaka Masayo akaja mbio na mwiko mkononi akidhani kuna mtu amekatwa.

Waya ulikuwa ndani ya begi la Chinatsu. Ulikuwa bado umefungwa na kile kiuzi cha dukani, haujawahi kukunjuliwa. Alikifungua kwa meno. Tukapanda ghorofani kwenye nyumba ya wageni, kila mtu na mashine yake, dada wa mapokezi akatupisha kwa tabasamu lake, nikamtumia Chinatsu njiwa wangu mzembe, naye akanitumia kobe. Kobe akaingia kwangu, akatulia kidogo, akaanza kutetemeka. Mtoto akanikamata kifundo cha mkono kwa nguvu zake zote ili nisije nikamtuliza. Akageuka mlima mzima wenye miguu minne. Chinatsu akasema, kwa sauti ndogo, kwamba alimngoja tangu mwezi wa kumi na mbili.

Siku mbili zilizobaki duka lilikuwa fujo tupu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi jembe sina, nilimpa ufagio, akafagia nywele za mwezi mzima kutoka chini ya viti huku akinifundisha ni viumbe gani hawapendi umeme. Mzee Nozaki alikuja kusalimia, akatambulishwa kwa Makaa, akasema amenenepa.

Tarehe kumi na sita wakaondoka. Masayo alikuwa ameleta boksi la zawadi, kwa hiyo nami nilikuwa na boksi la kumrudishia. Akalikataa mara mbili, nikamsihi, akapokea, tukainamishiana vichwa mpaka Kunihiro akapiga honi. Ndivyo inavyokuwa kwa wageni. Wanaleta, wanapewa, wanahakikisha hawajasahau kitu, na mimi nikikuta soksi nyuma ya mlango naifunga kwa karatasi naituma posta kesho yake. Kunihiro mwenyewe, alipohamia Sendai, alichukua vitu vyake vyote mpaka kombe lake la besiboli, na msumari wake.

Nikakumbuka kobe. Nikakimbilia garini na mashine, nikagonga kioo, nikamwambia Chinatsu amesahau mlima wake kwangu, atoe waya haraka turudishiane.

"Sijasahau," akasema. "Nimemwacha."

"Umeniachia? Aa, hapana, huyu wako umemhangaikia, mimi siwezi kumpokea."

"Sijakupa," akasema, amekunja uso. "Nimemwacha hapa. Nitamtaka Mwaka Mpya. Mfikishe daraja la arobaini, usimpe mtu, na akitetemeka usiguse kitu."

Masayo akageuka kutoka kiti cha mbele, uso mwekundu kwa aibu, akaniomba radhi kwa jinsi mtoto anavyoniamrisha. Nilikuwa nimeshika mlango wa gari, na nilifurahi kiasi kwamba kama ningefungua kinywa ningelia mbele ya mtaa mzima. Nikaitikia kwa kichwa tu kumwambia Chinatsu kwamba nimesikia, la arobaini, sawa.

Gari likakata kona. Tangu mume wangu afe, miaka kumi na miwili, hakuna mtu aliyekuwa ameacha kitu chake nyumbani kwangu kwa makusudi. Nikaingia ndani, nikabadilisha betri.